Modeli ina asilimia 82, bomba bado halitoi maji

Kila mwaka ikikaribia Juni simu yangu inaanza kuingia meseji za vijana wa mwaka wa mwisho, kaka shikamoo, naomba unipitishie macho projekti yangu kabla sijaprezenti. Mimi sio mwalimu wa chuo, nafanya kazi za takwimu tu, ila ukishamsaidia mmoja basi namba yako inazunguka hosteli nzima. Na kila mwaka, yaani kila mwaka, lazima nikutane na ya mabomba ya maji. Kichwa cha habari kinabadilika kidogo, mara "kutumia akili mnemba kutabiri", mara "mfumo wa kubaini", ndani ni ileile na mwisho kuna namba ileile, asilimia ya majibu ambayo modeli, yaani programu inayojifunza kubashiri kutokana na data, imepatia, 80 na kitu, au 82 kama kijana kakesha.

Kwa asiyeijua iko hivi. Kuna data ya vituo vya kuchotea maji vya Tanzania, imetoka Wizara ya Maji kupitia jukwaa la Taarifa, halafu DrivenData, tovuti ya mashindano ya data, wakaiweka kama shindano lililo wazi kwa yeyote, linaitwa Pump it Up. Mistari 59,400 ya kufundishia modeli na mingine 14,850 ya kupimia ambayo majibu wamekaa nayo wao. Kila mstari ni kituo kimoja, kiko wapi, nani alitoa hela, nani alijenga, pampu ya aina gani, watu wanalipaje, maji yanatosha au hayatoshi, na mwisho kabisa ndio swali lenyewe, kinafanya kazi, hakifanyi, au kinafanya ila kinahitaji matengenezo. Sehemu kubwa imekusanywa 2011 mpaka 2013. Wanafunzi wa dunia nzima wameifanyia mazoezi, wengi wao Dodoma hawajui hata iko upande gani wa ramani, na mimi siwalaumu, kwao ni zoezi kama mazoezi mengine. Wa kwetu ndio nina maneno nao. Na walimu wao zaidi.

Tuanze na hiyo 82. Ukikaa bila modeli yoyote, bila hata kuwasha laptopu, ukasema tu "vyote vinafanya kazi", unapata 54, kwa sababu vituo 32,259 kati ya 59,400 vimeandikwa vinafanya kazi. Haya, sasa ongeza kanuni moja tu, kwamba kama kwenye safu ya wingi wa maji kimeandikwa kikavu basi sema kimekufa. Vikavu viko 6,246 na zaidi ya 6,000 kati yake kweli vimekufa. Umefika 64. Kanuni ya mstari mmoja ambayo bibi yangu angekupa bure, kisima kikavu hakitoi maji. Kwa hiyo zile nguvu zote za XGBoost na random foresti, njia za kufundishia modeli, na kuacha laptopu inapiga kelele ya feni usiku mzima zimekutoa 64 zikakufikisha 82, sio haba, nakubali, ila sio ile stori ya kutoka sufuri inayosimuliwa kwenye prezentesheni.

Lakini hebu tubaki hapohapo kwenye ukavu maana ndipo uozo wote ulipo. Nani aliandika kwamba kituo ni kikavu? Ni mtu aliyefika pale na GPS yake na fomu yake. Na nani aliandika kwamba hakifanyi kazi? Mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, pengine ndani ya dakika kumi. Sasa wewe unachukua nusu ya fomu yake unatabiri nusu nyingine. Ili modeli yako ifanye kazi kesho kwa kituo kipya lazima kwanza mtu aende akaangalie kama kuna maji, na akishafika si tayari ameshaona bomba limekufa? Unamtabiria nini? Nimewauliza swali hili vijana kama saba hivi na hakuna aliyekuwa amelifikiria, na hawa sio wajinga, wengine hesabu zao zinanizidi mbali. Hakuna aliyewauliza tu. Supavaiza ameuliza umetumia algorithimu gani, umelinganisha na zipi, grafu iko wapi, sura ya pili ina marejeo mangapi. Basi.

Kuna mmoja mwaka juzi nilimwambia hii projekti yako siisomi mpaka uende ukaone bomba, akacheka akidhani natania, nikamwambia twende wote maana nina safari ya upande huo. Tukaenda kijiji kimoja ukiacha barabara ya Kondoa. Pale tukakutana na fundi wa mabomba, mzee wa makamo, baiskeli, spana zake kwenye kiroba. Kijana akamwamkia, akajieleza vizuri tu, akatoa laptopu akamuonyesha ramani yenye madoa mekundu na ya kijani, akamwambia mzee wangu hii inatambua bomba gani limekufa. Mzee akaangalia kwa heshima zote. Halafu akamuonyesha bomba lililokuwa mbele yetu, mpini umelala, majani yameota kwenye sakafu ya zege, akasema, "Mwanangu, kwamba hili limekufa hata mbuzi wanajua, hawaji tena hapa. Wewe niambie lile la shuleni litakufa lini, niagize raba mapema." Kisha akaeleza kwamba raba inaisha, bomba linaanza kuwa zito, unapampu mara nyingi maji hayaji, watoto wanazidi kulikoroga kwa nguvu, halafu kinachovunjika sasa sio raba tena, ni kitu cha bei. Kutoka dalili ya kwanza mpaka kufa kabisa kuna muda pale katikati, na huo muda ndio mali yake yeye.

Sasa rudi kwenye data na hayo maneno ya mzee. Huo muda wa katikati una lebo yake, "kinafanya kazi ila kinahitaji matengenezo". Viko 4,317 tu, asilimia 7 na kitu ya data yote. Na ndio kundi ambalo modeli za vijana zinalikosa vibaya kuliko yote, ukifungua jedwali la makosa unakuta vingi vimetupwa kwa wazima. Kwa nini hawashtuki? Kwa sababu ukilisahau kundi zima, ukajifanya halipo duniani, unapoteza pointi 7 tu kwenye akurasi, yaani ile asilimia ya majibu sahihi, na hizo pointi unaweza kuzifidia kwingine. Kundi pekee ambalo fundi anaweza kulifanyia kitu kwa raba ya bei ndogo ndilo ambalo kipimo chetu kinasema halina umuhimu. Kosa la kumwambia fundi bomba zima limekufa ni safari ya bure, mafuta na nusu siku imeenda. Kosa la kumwambia bomba linalokwenda kufa liko salama ni kina mama kurudi mtoni kwa miezi. Akurasi inayahesabu haya mawili sawasawa, moja na moja. Ukimwambia mwanafunzi aweke uzito tofauti kwenye makosa anaweza, ni mistari miwili ya programu, ila ili ajue aweke uzito kiasi gani inabidi amuulize mtu, na kumuuliza mtu hakumo kwenye silabasi.

Halafu kuna sufuri. Mimi huwa nasema nionyeshe umefanya nini na sufuri nitakwambia projekti yako itapata nini, au inastahili kupata nini, maana maksi ni kitu kingine. Safu ya mwaka wa ujenzi ina sufuri 20,709. Idadi ya watu wanaotumia kituo, sufuri 21,381. Sasa hakuna kituo kilichojengwa mwaka sufuri, kabla hata ya Wareno, hiyo ni "sijui" iliyovaa nguo za namba. Na kuna vituo 1,812 ambavyo longitudo yake ni sufuri na latitudo nayo ni sufuri ukiacha videsimali, ukiviweka kwenye ramani vinaangukia Bahari ya Atlantiki, Ghuba ya Guinea huko, wakati mkoa ulioandikwa ni Shinyanga au Mwanza. Nimeona projekti ambayo ramani yake ina kidoa kimoja kikubwa baharini kabisa na kijana hakukiona, au alikiona akadhani ni uchafu wa skrini. Wengi wanafanya kile kinachofanywa kila mahali, sufuri zote unajaza wastani, unasonga mbele. Ila sufuri za mwaka wa ujenzi hazikutawanyika kama mvua, zimerundikana kwenye baadhi ya mikoa, maana yake kuna sehemu watu wa fomu hawakuuliza au hakukuwa na wa kuwajibu. Ukijaza wastani umekipa kituo cha zamani cha Tabora umri wa kituo cha Kilimanjaro, na modeli inanyamaza, haijui kulalamika.

Na huo mwaka wa ujenzi ndio ungeukimbilia kama unataka kujibu swali la mzee, litakufa lini. Kuna tawi zima la takwimu la kuhesabu kitu kitadumu muda gani kabla hakijaharibika, wanalitumia mahospitalini kwa wagonjwa na viwandani kwa mashine, wanafunzi wanalisoma mwaka wa pili wanalifanyia mtihani wanalisahau. Hapa ndio mahali pake. Lakini linahitaji umri, na umri haupo kwa zaidi ya theluthi ya data, na linahitaji umekiangalia kituo zaidi ya mara moja, wakati hii data ni picha moja ya mnato, kila kituo kimepigwa mara moja kikaachwa. Kwa hiyo jibu la kweli la projekti nyingi lingekuwa hii data haiwezi kujibu swali lenye faida, na hapa ndio data inayohitajika. Hilo ni jibu la kisayansi kabisa, ila nani atakupa A kwa hilo.

Kitu ambacho huwa kinaniuma zaidi ni safu ya majina ya vituo. Ina majina tofauti zaidi ya 37,000, kwa hiyo kila mtu anaitupa mwanzoni kabisa, anaandika "imeondolewa kwa sababu ina thamani nyingi mno". Mwanafunzi wa Chicago akiitupa namuelewa, kwake ni makelele. Wewe wa Mbeya unaitupaje? Umeisoma? Shuleni, 1,748. Zahanati, 830. Msikitini, 535. Kanisani, 323. Sokoni, 260. Ofisini. Bombani, hii ilinichekesha, bomba linaitwa Bombani. Na maelfu ya "Kwa" fulani, kwa mzee nani, kwa mwenyekiti, kwa mama nani. Hii ni habari ya nani anaishi karibu na bomba, nani analifunga jioni, nani akiona mtoto ananing'inia kwenye mpini anamfokea. Bomba la msikitini lina watu wanaolihitaji mara tano kwa siku kwa udhu. La shuleni lina watoto mia kadhaa na likizo ndefu. Kama hayo yanabadilisha maisha ya bomba au hayabadilishi mimi sijapima, ila ndio dhana ya kupima, na ni dhana ambayo mtu wa Berlin hawezi kuwa nayo mpaka atafute mkalimani, wewe unayo bure toka unazaliwa halafu unaifuta kwa amri moja ya drop, ya kufuta safu, kwa sababu notibuku, faili la programu ya mtu mwingine uliloikopi, ilifanya hivyo. Huwa nashindwa kabisa kuelewa.

Twende kwenye malipo, maana hapa ndio watu wanapotoka kwenye makosa ya kitaaluma wanaingia kwenye makosa ya hatari. Data inaonyesha vituo ambavyo watu wanalipa kwa mwaka, karibu robo tatu vinafanya kazi. Ambavyo hawalipi kabisa, chini ya nusu. Vijana wakifika hapo wanaandika mapendekezo haraka sana, serikali iwahamasishe wananchi walipe ili vituo vidumu. Imeandikwa kwa herufi za kukoza. Ndugu zangu, umeshawahi kulipia king'amuzi kisichoshika? Mtu anaacha kulipa kwa sababu maji hayatoki. Bomba likifa kamati inaacha kukusanya, yule wa fomu akija anauliza mnalipa? hatulipi, anaandika hatulipi. Sasa ni kutolipa kuliua bomba au bomba lilikufa ndio malipo yakaisha? Pengine vyote viwili vinasukumana. Modeli haiwezi kukwambia kwa sababu haikuwepo kabla wala baada, na haijali, kwake ni ishara tu inayosaidia kubahatisha na kwenye kubahatisha inasaidia kweli. Tatizo ni pale unapochukua kitu kilichofaa kubahatishia ukakigeuza ushauri wa sera. Kabla ya hapo ungetakiwa uwe na kijiji kilekile miaka miwili mfululizo, uone nani alianza kuacha.

Sasa mtu ataniambia, kaka unakuwa mkali, hizi ni projekti za digrii ya kwanza, mwanafunzi anasubiri boom, hela ya mkopo wa chuo, hajui kesho atakula nini, unamtaka aende Kondoa. Ni kweli, na nauli sio mchezo. Lakini sikiliza, hata bila kutoka hosteli kuna vitu vya kufanya. Mfano kugawanya data. Karibu wote wanagawanya kwa kubahatisha, themanini za kufundishia ishirini za kupimia. Vituo vya kijiji kimoja vimejengwa na mradi mmoja, mwaka mmoja, chanzo kimoja cha maji, ukivigawa hovyo ndugu wawili mmoja anakaa kwenye kufundishia mwingine kwenye kupimia, modeli inakariri familia. Ficha wilaya nzima. Fundisha kwa zingine zote, pima kwa hiyo ambayo haijawahi kuiona, halafu uniletee namba. Niliwahi kumfanyisha mmoja hivi, akurasi ikashuka akanipigia usiku sauti imepoa kama kafiwa, kaka imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, ndio kwanza imeanza kusema ukweli.

Na sio mabomba tu. 2016 Mohanty, Hughes na Salathé walichapisha utafiti wa kutambua magonjwa ya mimea kwa picha za majani za mkusanyiko uitwao PlantVillage, picha 54,306, modeli ikapata asilimia 99.35. Namba hii utaikuta kwenye sura ya pili ya projekti nusu ya zile za kilimo. Ambacho hutakikuta ni kwamba watafiti walewale, kwenye chapisho lilelile, waliijaribu kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine ikaanguka mpaka 31 na kidogo, na wakaandika wazi bila kuficha. Majani yale yalichumwa yakalazwa juu ya kitu cha rangi moja. Kwenye shamba la mihogo jani liko katikati ya wenzake, kuna kivuli, udongo, na kidole gumba cha mkulima. Ndio maana nawaheshimu watu wa Makerere na wenzao wa utafiti wa mazao wa Namulonge, picha zao za mihogo zilizowekwa kwenye shindano la Kaggle, tovuti nyingine ya mashindano ya data, zilipigwa mashambani Uganda, nyingi na wakulima wenyewe, zikafika 21,367, wataalamu wakakaa wakaziwekea lebo moja moja, hii batobato, hii michirizi kahawia, hii nzima. Hiyo kazi ya kukaa na kuweka lebo haina jina la kuvutia, hakuna mtu atakupigia makofi kwa hilo, ila ndio iliyofanya wengine wote wapate cha kuchezea.

Halafu usisahau umri wa data yenyewe. Zaidi ya nusu ya vituo kwenye ile data vimeandikwa viko chini ya kamati ya maji ya kijiji. Tangu hapo imekuja Sheria ya maji ya 2019, imekuja RUWASA, wakala wa maji vijijini, vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vimeundwa, kamati za zamani nyingi hazipo vile zilivyokuwa. Modeli iliyojifunza nani anasimamia maji 2011 ukiipeleka leo ni kama kumtumia mtu meseji kwa laini aliyoitupa.

Nimemaliza kulalamika, ila kuna mmoja wa mwaka huu nimtaje bila kumtaja. Binti, alikuja na projekti ileile, 81.4, nikamuuliza lile swali la kikavu, akanyamaza, akaaga. Nikajua nimempoteza. Wiki tatu baadaye akanipigia, hajaenda popote, alichofanya ni kutafuta namba za wasimamizi wa mabomba wa kata ya kwao kupitia kwa baba yake mdogo, na kila Jumamosi ya pili anawapigia, shikamoo, bomba linatoa? linakuwa zito? lilikarabatiwa lini, kilibadilishwa nini? Anaandika kwenye kaunta buku kwa kalamu, baadaye anahamishia kwenye kompyuta. Gharama ni vocha. Wengine wameshamzoea, bomba likisumbua wanambip wenyewe. Supavaiza wake alimuuliza modeli iko wapi, akasema bado, akamsogezea kaunta buku. Supavaiza akafunua kurasa mbili tatu, akauliza hii "raba" inayojirudia hapa kila mahali ni nini.